Mavyaa hufukiza kila magharibi, na mwanangu ana pumu

Assalamu alaykum somo,

Mimi ni mke wa mtu, mwaka wa tisa huu niko Majengo, hapa Mombasa, kwa mavyaa wangu, mamake mume wangu. Nyumba ni ya Kiswahili, vyumba sita, korido katikati, ua na choo nyuma. Sisi tuko vyumba viwili vya mbele, mavyaa na wifi yangu wako mkabala wetu, na vya nyuma vimepangishwa. Kimoja yumo mama anayepika mahamri na viazi karai vya kuuza, kingine vijana wa vibarua vya bandarini.

Mwanangu wa kwanza ana miaka 7 na ana pumu tangu hajaanza shule. Zamani ilikuwa ikija na kwenda, lakini tangu zianze mvua za mwezi wa nne, hatulali. Saa nane, saa tisa za usiku huamka akikohoa, akakaa kitako ameshika kingo za kitanda, mabega juu, kifua kinapiga miluzi. Si mara moja tumekimbia na tuktuk usiku wa manane kwenda kumvutisha dawa kwa mashine. Hospitali walimpa inhela mbili, vile vikopo vya dawa ya kuvuta kwa mdomo, ya buluu na ya kahawia. Ile ya kahawia mavyaa aliifungia kabatini kwake, akasema inamzoesha mwili, na mtoto wakati huo alikuwa ameshapata nafuu, basi nikanyamaza.

Sasa kinachonikera ni udi. Kila magharibi mavyaa hutia makaa chetezoni, ubani kwanza, udi baadaye, akapitisha kila chumba, nyuma ya milango, hadi chini ya vitanda. Alhamisi hufunga na madirisha ili harufu ishike. Nikisema neno, jibu ni kwamba nyumba isiyofukizwa huingia mashetani, na kwamba mtoto amepigwa jicho, kwa hivyo ndiyo kwanza afukizwe zaidi. Mume wangu akisikia habari za mamake huwa bubu.

Chumba cha watoto mimi nimekitunza, somo, mtu asinisingizie uchafu. Nimetandika zulia jipya ukuta kwa ukuta, nimetia mapazia mazito ya kuzuia vumbi la barabarani, na kila usiku nawasha koili ya mbu chini ya kitanda chake kwa sababu neti imechanika na mbu wa huku unawajua.

Nimwambie vipi mavyaa asikasirike? Au nimshike mume wangu tuhame? Na mwezi ujao wifi anaolewa, nyumba itajaa watu na mafusho wiki nzima. Nitafanyaje?

Niliyebanwa, Majengo

*

Wa alaykum salaam, mwanangu.

Barua yako nimeisoma nikipiga mstari chini ya kila kinachowaka ndani ya nyumba hiyo. Nimepata chetezo cha mavyaa, jiko la mahamri, na sigara za hao vijana, ambazo hukuzitaja lakini nitashangaa kama hazipo. Na koili. Hiyo umeitaja kwa kuipitia tu, tena kama sifa, nayo ndiyo inayolala na mtoto.

Kuna watafiti waliopima moshi wa koili za mbu, wakachapisha matokeo yao mwaka 2003. Koili moja ikiungua mpaka mwisho, chembe laini zinazotoka ni sawa na za sigara 75 hadi 137. Nazungumzia zile chembe zisizoonekana kwa macho, zinazopita pua na koo bila kuzuiwa na kwenda kutua ndani kabisa ya mapafu. Sasa iweke koili hiyo chini ya kitanda cha mtoto mwenye pumu, dirisha limefungwa kwa sababu ya mvua, mpaka alfajiri. Halafu niambie anaamka saa ngapi akikohoa.

Sisemi udi hauna neno. Moshi ni moshi, hata unukie vipi. Vipimo vya maabara vinaonyesha kwamba, gramu kwa gramu, uvumba hutoa chembe zaidi ya mara nne ya tumbaku ya sigara. Lakini chetezo cha mavyaa huingia chumbani kwa mtoto kikatoka, koili hukesha. Na kuna jambo la pili, la ukwe zaidi kuliko la mapafu: ukianza na chetezo cha mavyaa huku koili yako inafuka, umeshindwa kabla hujafungua mdomo. Wifi yako ataiona siku hiyo hiyo.

Kwa hivyo anza pale ambapo wewe ndiye mwenye amri, chumbani kwako. Koili itoke leo. Nunua neti yenye dawa, au uliza kliniki ya mama na mtoto kama wanazo. Neti hizo hustahimili kufuliwa mara 20 hivi bila dawa kuisha, ila zifuliwe kwa sabuni ya kawaida na kuanikwa kivulini. Tena zifuliwe kweli, maana neti iliyoning'inia mwaka mzima ni kapu la vumbi juu ya uso wa mtoto. Ukibakiwa na pesa mwite seremala apigilie wavu wa mbu dirishani, upate kuliacha wazi usiku bila kuogopa mbu.

Halafu zulia. Najua limekugharimu na najua utanuna, lakini litoke. Kwenye vumbi la ndani kuna mdudu anaitwa utitiri, mdogo hata macho hayamwoni. Chakula chake ni mabaki ya ngozi yetu inayopukutika, na maji huyapata kutoka unyevu wa hewa. Mji wetu huu hewa yake ni mbichi mwaka mzima, na kusi likija na mvua ndiyo inazidi, basi utitiri hapa haujui njaa wala kiu. Kinachomchokoza mwenye pumu hasa ni kinyesi chake, na maskani yake ni zulia, mapazia mazito, mito na godoro, na godoro la sufi kuliko yote. Sakafu ya saruji iliyopigwa deki kwa kitambaa chenye maji, na mkeka unaoweza kuoshwa, ni bora kwa mtoto huyu kuliko zulia la bei yoyote. Mapazia yawe ya kitambaa chepesi unachoweza kufua. Godoro na mto vivishe kava la kufunga zipu, na mashuka yafuliwe kila wiki kwa maji moto, yale ambayo mkono hauvumilii, maana ya vuguvugu hayamuui utitiri. Usifagie mtoto akiwa chumbani. Panda pia kigodani utazame mapanga ya feni yalivyo.

Ukishamaliza hayo, sogeza kabati. Nyumba nyingi za zamani hapa ni mawe na chokaa, kuta zinazovuta unyevu na kuutoa. Tukaja tukazipiga plasta ya saruji na rangi ya mafuta, unyevu ukakosa pa kutokea, na wakati wa masika kuvu jeusi linajichorea nyuma ya kabati na kwenye pembe za dari. Harufu ile ya nguo zilizokaa sandukuni unaifahamu. Kuvu nalo huichokoza pumu. Lisugue kwa maji ya sabuni, ukaushe, na kabati uliache mbali na ukuta kiasi cha mkono kupita. Kulipaka rangi juu ni kujidanganya. Tafuta maji yanatoka wapi, bati limetoboka au mfereji wa paa umeziba. Ukitaka kutumia jiki, ile dawa ya kung'arishia nguo, tumia mtoto akiwa shule na madirisha wazi, na usiichanganye kamwe na dawa ya choo, hewa inayotoka hapo ni sumu kwa mtu mzima sembuse mtoto. Na nguo mbichi zisianikwe chumbani, hata mvua inyeshe vipi.

Sasa dawa, na hapa nitakuwa mkali kidogo.

Inhela ya kahawia irudi kwa mtoto, lakini kwanza mrudishe kliniki waone kifua chake kilivyo sasa na wakuambie kipimo. Pumu ni uvimbe ndani ya njia za hewa, na uvimbe huo upo hata siku ambazo mtoto anacheza mpira. Ya buluu hupanua njia zilizobana, nafuu ikaja kwa dakika chache, ikaisha kwa saa chache. Ya kahawia ndiyo inayotuliza uvimbe wenyewe, taratibu, kwa siku na wiki, na hutumiwa kila siku hata asipokohoa. Ile nafuu aliyoipata kabla haijafungiwa kabatini huenda ilitokana nayo. Habari ya kuzoesha mwili nimeisikia kutoka Likoni mpaka Kisauni, nayo haina ukweli. Kinachotisha ni mtoto kuishi kwa ya buluu peke yake, maana ukiona anaihitaji mara kwa mara, jua uvimbe unazidi. Akishavuta ya kahawia asukutue kinywa na kutema maji, asije akapata utando mweupe ulimini.

Mtoto wa miaka 7 akipuliziwa inhela moja kwa moja mdomoni, dawa nyingi huishia kooni. Anahitaji kifaa cha kati, spesa, na kama bei imekushinda, chupa ya maji ya plastiki ya nusu lita inatosha. Watafiti wa Afrika Kusini waliijaribu kwa watoto wenye pumu na mwaka 1999 wakachapisha kwamba ilifanya kazi sawa na ya kununua. Toboa kitako cha chupa kwa waya wa moto, tundu liwe na umbo la mdomo wa inhela, uchomeke na uzibe pembeni hewa isipenye. Mtoto aweke mdomo pale pa kunywea, bonyeza mara moja, avute na kutoa pumzi polepole mara tano. Chupa ioshwe kwa sabuni na iachwe ikauke yenyewe bila kufutwa ndani. Muuguzi akuonyeshe mara ya kwanza.

Siku akibanwa, mkalishe wima, usimlaze. Mpe ya buluu kupitia chupa, mpulizo mmoja kila nusu dakika hadi dakika moja, mipulizo yote isizidi 10. Asipopata nafuu, au ukiona hawezi kumaliza sentensi, mbavu zinaingia ndani, midomo inageuka rangi, basi ni hospitali, na njiani uendelee kumpa. Habasoda na asali za nyanyake zina siku zake, usiku huo si wake. Na mwalimu wake wa darasa awe na inhela ya buluu na ajue kuitumia.

Haya, mavyaa.

Mwanamke aliyefukiza nyumba yake tangu ujana haambiwi na mke wa mwanawe kwamba ubani wake ni sumu. Usimwambie. Mwombe aandamane nawe kliniki. Mwambie wewe ukiulizwa na daktari unababaika, yeye ndiye aliyelea, aje asikilize. Maneno ya moshi na maneno ya inhela ya kahawia ayasikie kutoka kwa daktari, akiwa amekalia kiti, akiulizwa yeye maswali. Mkirudi, mkabidhi kazi ya kusimamia dawa ya asubuhi na jioni. Huyo huyo aliyeifungia kabatini ndiye utakayemwona akimfukuza mjukuu ua mzima na chupa mkononi.

Kuhusu mashetani, usibishane naye hata kidogo. Mtafute mwalimu wa chuo cha Kurani, au mumeo aache ububu kwa dakika mbili, amkumbushe ile hadithi iliyo katika Sahihi Muslim, kwamba shetani huikimbia nyumba inayosomwa Suratul Baqara. Mtume hakutaja moshi. Mtoto akae upande wa pili wa chumba asome na nyanyake, hiyo ni dawa ambayo mapafu hayana ugomvi nayo.

Halafu muafikiane, wala usitake yote. Chetezo kiwashwe na kifukize uani. Nguo zifukiziwe huko huko mtoto akiwa chuoni, zipungwe upepo ndipo ziingie ndani. Chumba cha mtoto kiachwe, na vyumba vingine, kama hana budi, milango na madirisha yawe wazi na mtoto asiwepo. Vile vyetezo vya umeme wanavyouza sasa vinaondoa moshi wa makaa, lakini udi wenyewe bado unaungua, usidanganyike. Kama anachotamani ni harufu, Mombasa haijakosa: asumini, vikuba, maji ya waridi kwenye mrashi. Ila mtazame mtoto, kuna wenye pumu ambao hata marashi makali huwabana. Akikohoa, hayo nayo yatoke.

Kuhama sikushauri sasa. Utahamia Kisauni au Bamburi, ukute jiko la jirani liko chini ya dirisha lako, na huko hutakuwa na mavyaa mwenye nyumba. Umesahau kwamba huyo ndiye mwenye nguvu juu ya korido hiyo? Mkishakuwa upande mmoja, aite wapangaji. Mama wa mahamri msimguse riziki yake. Moshi mzito wa makaa hutoka wakati wa kuwasha, basi jiko liwashiwe uani mpaka likolee, na likae huko huko. Lisiingie koridoni hata likiwa jekundu bila moshi, maana hapo ndipo hewa ya kaboni monoksidi inapotoka bila harufu, na hiyo huua watu usingizini. Mvua ndiyo humwingiza ndani, kwa hivyo mavyaa apige mabati machache juu ya nguzo pembe ya ua, wapangaji wachangie. Akiweza kuhamia gesi kwa kukaanga, afadhali zaidi, hata macho yake mwenyewe yatamshukuru. Alfajiri anapopika, mlango wa ua ufungwe na dirisha lenu la mbele liwe wazi. Mchana milango yote miwili ya korido iwe wazi, upepo upite kama nyumba ilivyojengwa. Vijana wavutie sigara zao mbali na madirisha. Na anayechoma taka uchochoroni, mifuko ya plastiki ikiwemo, apelekewe mzee wa mtaa.

Kombamwiko pia ni wa nyumba nzima. Unga, sukari na mafuta ya karai vikilala wazi, wanakuja, na vumbi la miili yao na vinyesi vyao ni katika vichokozi vibaya vya pumu mijini. Wanapofukuzwa chumba kimoja huhamia cha pili, ndiyo maana mfanye siku moja, wote. Usipulize dawa ya kopo, hiyo yenyewe itambana mtoto. Tumia ya chambo, ile ya kutia tone tone kwenye mianya, vyakula vifunikwe, na bomba linalovuja lizibwe.

Haya yote hutayamaliza kwa wiki. Koili na dawa ni leo na kesho, zulia Jumamosi, mabati yanaweza kungoja mwezi.

Harusi ya wifi usiipigie kelele, ni siku yake na udi wake. Mtoto alale kwa mamako kuanzia siku mafusho yatakapoanza, koili isiwashwe huko pia, na asirudi mpaka nyumba imeshafunguliwa madirisha na kupigwa deki. Siku ya kupamba akitaka kuja kumwona shangazi yake, aje mchana, akae barazani. Ile ya kahawia aivute asubuhi na jioni kama kawaida hata akiwa ugenini, na ya buluu pamoja na chupa yake iwe ndani ya mkoba wako wewe, si wa mtu mwingine.